Maswali Yenu kwa Mwalimu: Usonji na Ugumu wa Kusema

Kati ya barua zilizonifikia nimechagua nne za toleo hili, kwa sababu zote zinauliza jambo moja: mtu mwenye usonji anaposhindwa kusema, au anaposema kwa namna ambayo wenzake hawaielewi, sisi tunaomzunguka tufanye nini? Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Kwa msomaji ambaye neno hili bado ni geni kwake, usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo hugusa mawasiliano, mahusiano na watu, namna mwili unavyopokea sauti, mwanga na mguso, pamoja na mazoea ya kurudiarudia mambo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo.

Barua ya kwanza, kutoka Kirumba, Mwanza

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninauza dagaa mwaloni. Mwanangu wa pili ametimiza miaka minne na nusu. Haniiti mama, wala haombi kitu kama watoto wengine wanavyoomba. Akisikia njaa hunishika mkono akanivuta hadi kwenye sufuria, kisha huniambia, "Unataka uji?" Nikimwambia, "Njoo uvae viatu," naye husema, "Njoo uvae viatu." Asubuhi nzima huita kama konda, "Buzuruga, Nyakato, Igoma, twende!" Jumapili tukiwa katikati ya ibada hupaza sauti, "Shusha!" hadi waumini wote wanageuka. Hospitali tumeambiwa ana usonji. Bibi yake anasema mtoto ana udata, akatwe chini ya ulimi na maneno yatatoka. Jirani anasema tunamchanganya kwa Kisukuma na Kiswahili, tuache lugha moja. Baba yake anasema tusubiri, kwani hata yeye alichelewa kusema. Nimsikilize nani?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijafika kwa bibi, jirani na baba, naomba nianze na mtoto mwenyewe, kwa sababu katika barua hiyo yeye ndiye aliyesema mengi kuliko wote.

Tazama neno "Shusha!" Mtoto wako amelisikia wapi? Ndani ya daladala, pale ambapo mtu amechoka na safari, anataka kutoka, na neno moja linatamkwa, gari linasimama, mlango unafunguka. Sasa yuko kanisani, spika zinapiga, watu wamebanana, joto limepanda, naye anataka kutoka. Amechukua neno pekee alilowahi kuliona likifungua mlango. Hakukosea maana hata kidogo, ila alilisema mahali ambapo sisi wengine hatukulitarajia. Na pengine "Buzuruga, Nyakato, Igoma, twende!" ni namna yake ya kuomba mtoke nyumbani, au ni wimbo anaoutumia kujituliza. Hilo utalijua wewe kwa kuangalia anachofanya anapouita: kama anaelekea mlangoni na kuchukua viatu, anaomba, kama amekaa peke yake akijitikisa taratibu, anajituliza.

Wataalamu huiita tabia hii ekolalia, yaani kurudia maneno ya wengine kama mwangwi. Kuna mwangwi wa papo hapo, kama ule wa "Njoo uvae viatu", na kuna mwangwi wa baadaye, kama wa konda, ambapo maneno hutunzwa kwa siku au miezi kisha yakatumika. Zamani wengi waliuona kuwa kelele tupu ya kuzimwa. Kuanzia miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani Barry Prizant na wenzake walionyesha kuwa mwangwi una kazi nyingi: kuomba, kukataa, kukubali, kushika zamu katika mazungumzo, kujikumbusha, kujituliza. Watoto wengi wenye usonji hujifunza lugha kwa mafungu, wakilibeba fungu zima la maneno pamoja na hali lilimotamkwa, na baadaye sana ndipo hulivunja wakapata neno mojamoja.

Hapo ndipo inapoingia "Unataka uji?" Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 habari za watoto 11 aliowachunguza, ambao 8 kati yao walisema na 3 hawakusema, alibainisha jambo hilihili: nafsi katika usemi wao, yaani "mimi" na "wewe", hurudiwa kama zilivyosikika. Kila ulipomletea mwanao uji ulimuuliza, "Unataka uji?" Kwake yeye hayo ndiyo maneno ambayo uji huja nayo. Tena lugha yetu haimsaidii, kwa kuwa nafsi imejificha ndani ya kitenzi, na kati ya "nataka" na "unataka" kuna tofauti ya sauti moja fupi mwanzoni, inayompita sikioni mara moja. Kwa hiyo usimsahihishe kwa kumwambia, "Si hivyo, sema nataka." Akikuvuta hadi kwenye sufuria, iname uwe karibu na uso wake, useme kwa niaba yake, kwa sauti ya anayeomba, "Nataka uji," kisha mpe uji palepale. Punguza maswali na uongeze maneno ambayo yeye angeweza kuyachukua kama yalivyo: "Nataka kutoka." "Sitaki." "Nisaidie." "Inauma." Akiyabeba kama mafungu, atakuwa amebeba kitu kitakachomfaa kinywani mwake.

Naomba pia usimnyime uji hadi atamke. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe nilipokuwa mwalimu kijana. Nilishika kikombe cha maji juu ya kichwa cha mtoto mwenye kiu nikimwambia, "Sema maji, sema maji," naye akalia hadi akalala. Jambo alilojifunza siku ile ni kwamba mimi si mtu wa kuombwa maji.

Kuna mwanafunzi mwingine ninayemkumbuka zaidi, mtoto wa familia inayoanika dagaa ufukweni. Kila kengele ilipogongwa na wenzake wakakimbilia uwanjani kwa makelele, yeye aliziba masikio na kulia, "Anua! Anua!" Tulidhani ni maneno yaliyopotea njia. Siku mama yake alipokuja shuleni tulimuuliza, akanyamaza kidogo kisha akatueleza kuwa dagaa wao huanikwa juu ya mawe, na mvua ya ziwani inapozuka ghafla watu wote hukimbia wakiita, "Anua!", na mtoto huyu hubebwa mbiombio akaingizwa ndani. Neno hilo kwake lilikuwa na maana ya kwamba kuna hatari, nipelekeni mahali penye usalama. Tangu siku hiyo, kila alipolitamka tulimpeleka chini ya mwembe nyuma ya darasa. Kabla ya muhula kwisha alikuja mwenyewe akasema, "Anua, mwembe." Ilikuwa ni sentensi ya kwanza aliyoiunda kwa akili yake, nami niliiandika kwenye daftari langu pamoja na tarehe.

Sasa nije kwa bibi. Udata ni utando mfupi unaoufunga ulimi chini, na kwa watoto wachache huleta shida ya kunyonya au ya kutamka baadhi ya sauti. Lakini ulimi unaoweza kutamka "Buzuruga, Nyakato, Igoma" kwa ufasaha wa konda haujafungwa na kitu. Ugumu wa mwanao uko katika kuitumia lugha pamoja na watu wengine, na huko wembe haufiki. Kukatwa nyumbani, iwe ni udata au kimio, huleta damu isiyokoma, maambukizi na hofu ya kuguswa mdomoni, ambayo kwa mtoto mwenye usonji inaweza kudumu kwa miaka mingi. Mwambie bibi kwa heshima kwamba daktari ameombwa aangalie mdomo, na kweli umwombe aangalie, ili neno lake lisionekane limedharauliwa.

Kuhusu jirani, Kisukuma kisiachwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Catherine Hambly na Eric Fombonne, uliofanywa nchini Kanada, ulilinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa katika lugha mbili na wanaolelewa katika lugha moja, na haukuona kuwa wale wa lugha mbili wamecheleweshwa zaidi. Mtoto anahitaji kusikia lugha iliyo hai, yenye vicheko na nyimbo, kutoka kwa mtu anayeizungumza bila kujikwaa. Bibi akilazimishwa kuacha Kisukuma atanyamaza, na mtoto atapoteza mtu wa kuzungumza naye, tena yule aliye naye mchana kutwa wewe ukiwa mwaloni.

Kwa baba ninasema kuwa kusubiri ndiyo ushauri ulio na gharama kubwa kuliko wote. Mtoto asiyetoa sauti za kubwabwaja wala kunyoosha kidole kufikia miezi 12, asiye na neno hata moja kufikia miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili yake mwenyewe kufikia miezi 24, anastahili kupimwa mara moja bila kungoja mwaka mwingine. Ninyi mmekwisha kufika hospitali, na nawapongeza kwa hilo. Kama masikio yake hayajapimwa, yapimwe, hata kama mnaona anasikia, na zaidi sana ikiwa aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au masikio yake hutoa usaha. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina idara ya masikio, pua na koo. Na msomaji mwingine yeyote ambaye mtoto wake alikuwa na maneno kisha yakapotea, asikae nyumbani hata wiki moja, hasa kama ameona mtoto anaduwaa ghafla au anashtuka mwili, kwa sababu kifafa nacho kinaweza kuondoa usemi, na kifafa kina dawa.

Barua ya pili, kutoka Sengerema

*Mwalimu, natumaini u mzima. Mimi ni mvuvi. Binti yangu ana miaka saba na hajawahi kutamka neno, si mama wala maji. Akikasirika hujiuma mkono hadi alama zinabaki. Ndugu yetu mmoja alitushauri tumtengenezee picha awe anaonyesha anachotaka, lakini mtu mwingine tunayemheshimu akatuonya kwamba picha zitaufanya ulimi uwe mvivu na hatasema kamwe. Naomba uniambie ukweli: je, atasema?*

Ndugu yangu, salamu zako zimefika. Umeomba ukweli, nami nitakupa ulivyo. Hakuna mtu anayeweza kumtazama mtoto wa miaka saba akakuambia kwa hakika kwamba atasema au hatasema. Yapo mambo mawili yanayojulikana, na yote mawili uyashike kwa pamoja.

La kwanza ni kwamba mlango haufungwi mapema kama watu wanavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 535 wenye usonji, wenye umri wa miaka 8 au zaidi, ambao walipokuwa na miaka 4 usemi wao ulikuwa umechelewa sana. Asilimia 70 kati yao walikuwa wamefikia kusema mafungu ya maneno, na asilimia 47 walizungumza kwa ufasaha. La pili ni kwamba wapo watu wenye usonji, wanaokadiriwa kufikia robo hadi theluthi ya wote, ambao hufika utu uzima wakiwa na maneno machache sana au bila neno lolote la mdomo, na wengi wao huelewa mengi kuliko wanavyoweza kuonyesha. Kwa baadhi yao tatizo liko katika njia inayotoka kwenye wazo kwenda kwenye misuli ya midomo na ulimi, hali ambayo kwa kitaalamu huitwa apraksia ya usemi. Mtoto wa namna hiyo analijua neno, analitaka, lakini mdomo hauupokei mpango wa kulitamka. Ukimwambia ajitahidi zaidi unamwongezea mzigo tu.

Sasa kuhusu picha. Aliyekuonya alikutakia mema, lakini hofu yake haina msingi. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti mbalimbali kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa ishara za mikono, picha au vifaa vya kutolea sauti. Katika wale 27 ambao ushahidi wao ulikuwa madhubuti zaidi, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi, na asilimia 89 usemi wao uliongezeka, ingawa kwa wengi uliongezeka kidogo. Picha haziui sauti. Mtoto anayeelewa kuwa ujumbe wake unapokelewa ndiye anayepata sababu ya kujaribu na sauti pia. Nami nakuuliza, ndugu yangu: hata kama sauti itakuja akiwa na miaka kumi, kwa nini miaka mitatu hii ijayo apite bila kuweza kukuambia kwamba jino linamuuma?

Njia moja inayojulikana sana ya kufundisha kwa picha ilibuniwa na Andy Bondy na Lori Frost katika jimbo la Delaware, Marekani, mwaka 1985, na msingi wake hauhitaji fedha nyingi. Anza na kitu kimoja anachokipenda kwelikweli, tuseme ni ndizi. Ipige picha kwa simu na kuichapisha dukani wanakotoa nakala, au ichore kwa kalamu za rangi, kisha uigundishe kwenye kipande cha boksi na kuifunika kwa solatepu ili maji yasiiharibu. Kaa mbele yake ukiwa na ndizi mkononi, picha ikiwa mbele yake. Mtu wa pili, pengine mama yake, akae nyuma ya mtoto na kumwongoza mkono auchukue ule mchoro na kukukabidhi. Mara tu unapofika mkononi mwako, taja kitu, "Ndizi!", umpe kipande. Usimuulize anataka nini, usimwambie akupe picha. Huyo wa nyuma naye aondoe msaada wake kidogokidogo, kila siku kidogo zaidi, hadi mtoto aweze kuchukua, kukutafuta na kukukabidhi mwenyewe, hata ukiwa umekaa nje unashona nyavu. Siku atakapokufuata hadi huko na picha mkononi, ujue amekwisha kuzungumza nawe.

Baada ya hapo ongeza picha mojamoja, na usijaze vyakula peke yake. Mapema kabisa apate "hapana", apate "basi", apate "nisaidie", na apate picha ya mwili wa mtoto ambayo anaweza kugusa sehemu inayouma. Kwa habari ya kujiuma mkono, mpelekeni akaguliwe meno, masikio na tumbo kabla ya kuamua kuwa ni hasira, kwa maana nimeona mtoto aliyechapwa kwa kujiuma, kumbe alikuwa na jino lililooza hadi kwenye mzizi. Zitoboeni picha na kuzifunga kwa kamba, ziende naye kila mahali, kwenye kivuko, kisimani, kwa shangazi. Zikiachwa zimetundikwa ukutani hazitamfaa anapokuwa njiani.

Ninyi pia mzitumie mnapozungumza naye. Nanyi mkiisha kusema, mnyamaze. Hesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kurudia. Sisi watu wazima hatuvumilii kimya, na mara nyingi mtoto alikuwa karibu kujibu tulipomkatiza kwa swali jingine.

Nakutahadharisha na jambo moja. Akija mtu akasema atamshikia binti yako mkono ili aandike au abonyeze herufi, na kwamba maneno yanayotoka ni mawazo ya mtoto, usikubali. Njia hiyo imejaribiwa mara nyingi, na ikaonekana kuwa anayeandika, bila hata kujua, ni yule anayeshika mkono. Kumwongoza mtoto mkono katika siku za kwanza za picha ni jambo jingine, kwa sababu msaada huo huondolewa, na sauti ya binti yako inabaki kuwa yake.

Barua ya tatu, kutoka kwa mwalimu wa Igoma

*Mwalimu mwenzangu, heshima yako. Darasani kwangu, la tano, nina mvulana aliyepimwa na kuonekana ana usonji. Yeye si bubu, anasema sana, tena kwa Kiswahili cha vitabuni. Lakini nikimsalimia hanitazami, na wadogo wakimwamkia "Shikamoo", naye hujibu "Shikamoo". Atakueleza habari za vivuko vya ziwa hili kwa saa nzima bila kuona kuwa umechoka. Nilimtuma aangalie kama mwalimu mkuu yupo ofisini. Akaenda, akarudi, akakaa. Nilipomuuliza, akasema, "Nimeangalia." Katika mtihani wa methali, "Kidole kimoja hakivunji chawa", aliandika kwamba kinaweza, iwapo chawa amewekwa juu ya meza. Wenzangu wanasema ana kiburi. Je, huu nao ni ugumu wa kusema?*

Ndiyo, mwalimu, nao ni ugumu, na kwa kuwa unajificha nyuma ya maneno mengi humletea mtoto adhabu nyingi kuliko ule wa asiyesema kabisa. Mwaka 1944 huko Vienna, Hans Asperger aliwaeleza watoto wa aina hii, na kwa miaka mingi walipewa jina la peke yao. Siku hizi, katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, wote wamo ndani ya usonji, na kinachoandikwa pembeni ni kiwango cha lugha alichonacho kila mmoja.

Mvulana wako ana msamiati na sarufi. Kinachomlemea ni ile sehemu ya lugha isiyotamkwa. Ulimtuma aangalie, akaangalia. Sehemu ya pili ya agizo, yaani "kisha uje uniambie", wewe hukuisema, ukitegemea kwamba ataijaza mwenyewe, na yeye hakusikia kitu cha kujaza. Mwambie, "Nenda ofisini, uangalie kama mwalimu mkuu yupo, urudi uniambie yupo au hayupo," uone kama kuna kiburi. Vivyo hivyo kwa lugha yetu iliyojaa mafumbo: tunasema mtu amekula chumvi nyingi, tunamwambia mtoto akae chonjo, tunamuuliza, "Utafunga mlango huo au hutafunga?" tukiwa na maana ya amri. Methali zifundishwe kwake waziwazi, kama hesabu: haya ni maneno ya juu, hii ndiyo maana ya ndani, na huu ni mfano wa siku inapotumika. Jibu lake la chawa lilikuwa la kweli kabisa kuhusu chawa. Mpe alama kwa lile swali utakalomuuliza upya vizuri.

Kuhusu salamu, kwetu mtoto asiyeamkia huhesabiwa kuwa hakufunzwa, kwa hiyo jambo hili usilipuuze, ila usilifanye la fimbo. "Shikamoo" na "Marahaba" hutegemea nani ni mkubwa kwa nani, na yeye huzirudisha kama mwangwi. Mchoreeni ngazi ya umri, yeye akiwa katikati: walio juu yake huwaamkia, walio chini huwaitikia. Na macho yake myaache. Wengi wenye usonji wakilazimishwa kumtazama mtu usoni hushindwa kusikia maneno yake, na wewe unachokitaka ni asikie. Sauti yake ikiwa kubwa mno au isiyopanda wala kushuka, kubalianeni ishara ya mkono ya kumkumbusha, na isiwe mbele ya darasa.

Vivuko navyo si adui. Mtungie hesabu ya kivuko cha Kamanga, asome ramani ya visiwa, aandike insha ya safari ya Nansio, kisha umfundishe kanuni iliyo wazi: baada ya sentensi tatu, muulize mwenzako swali, subiri jibu lake. Wenzake nao wafundishwe. Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili, yaani wasio na usonji nao hushindwa kumsoma mwenye usonji, ila lawama humwendea mmoja tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa kijana huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na ukiwaeleza walimu wa ofisini kwako haya machache utakuwa umeitekeleza kwa vitendo.

Barua ya nne, kutoka Nyegezi

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 22, nasoma chuo, na nina usonji. Kwa kawaida naongea vizuri. Lakini nikiwa stendi kwenye makelele, au mtu akinifokea, maneno yananipotea yote. Najua ninachotaka kusema ila mdomo hausogei. Wapo waliodhani nimelewa, na mara moja askari alidhani nina dharau. Je, ninazidi kuwa mgonjwa?*

Marahaba, mwanangu, na asante kwa kuandika mwenyewe. Huzidi kuwa mgonjwa. Watu wengi wenye usonji wanaosema vizuri hueleza jambo hilihili: kelele, hofu au uchovu vikizidi, usemi ndio huondoka kwanza, na hurudi mwili ukitulia. Usishindane nao. Sogea pembeni, vaa vifaa vya kuziba masikio kama unavyo, na uandike kwenye simu unachotaka kusema. Kama chuoni kuna mtihani wa mdomo au kujieleza mbele ya watu, mwone mwalimu wako wiki kadhaa kabla, ukiwa umetulia, mkubaliane kwamba ukikwama utaandika. Ikiwa hali hii ilianza ghafla tu karibuni, au huambatana na kuzimia, ganzi au mdomo kwenda upande, hapo ni suala jingine na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa ajili ya stendi, andika kadi ndogo kwa herufi kubwa: "Nasikia na ninaelewa. Nina usonji na kwa sasa siwezi kusema. Sijalewa. Tafadhali punguza sauti, nipe dakika chache, au niandikie." Nyuma yake weka namba ya simu ya ndugu unayemwamini. Iweke pamoja na nauli, mahali ambapo mkono wako hufika bila kutafuta.